Kilio cha Philipo Abonyo

Wazo lilikuwa la Collins. Naanza na hilo ili lawama ikae mahali pake, kwa sababu Wakenya wa Doha karibu wote wanadhani ni mimi niliyepeleka mambo ya matanga jukwaani.

Ilikuwa Januari 2014. Kamati moja ilikuwa inaandaa Siku ya Tamaduni kwenye uwanja wa wazi kando ya bahari, na kila jamii ya wageni iliombwa kuleta kitu cha kwao cha dakika kumi na mbili. Waganda walikuwa na Shamira, ambaye akijifunga ngozi kiunoni hata mgonjwa anainuka kutazama. Wanepali walikuwa na ngoma zao. Sisi tulikutana kwangu Al Mansoura, watu kumi na mmoja kwenye sebule isiyotosha watu watano, na hakuna aliyejua kucheza chochote. Wairimu, ambaye ni nesi na hapendi kushindwa, alisema tuvae shuka nyekundu za Kimasai turukeruke. Nikamuuliza Mmasai ni nani kati yetu. Akaendelea kunywa chai yake.

Ndipo Collins akasema, "Dada Velma, si Wajaluo hapa tuko saba? Tufanye tero buru. Hiyo haitaki mazoezi, inataka pumzi tu."

Kwa asiyejua: kwetu mzee akifa, wanaume hutoka mbio na ng'ombe, mikuki na ngao hadi mpakani, wanakifukuza kifo kama unavyomfukuza mwizi. Kisha hurudi bomani wakipiga kelele, na wanawake huwapokea kwa kumlilia marehemu kwa jina lake, jina la baba yake na pahali alipotoka. Hiyo ndiyo tero buru. Sio mchezo.

Nilikataa. Nyanya yangu alikuwa mliaji wa kuitwa. Alitembea vijiji vitatu kwenda kulilia watu wa watu. Alinifundisha kila kitu na akanionya jambo moja tu: usilie pasipo na maiti. Kilio kisicho na mwenyewe, alisema, hujitafutia mwenyewe.

"Velma amekuwa mtu wa The Pearl," Collins akasema. "Anafua shuka za matajiri, mila zimemtoka na sabuni."

Wote wakacheka. Mimi nina hasira za karibu, na Collins anajua mahali pa kunigusa. Huyu ni mlinzi kwenye jengo la maduka, na kazi yake siku ya Ijumaa ni kusimama mlangoni kuwarudisha wanaume waliovaa nguo za kazi, kwa kuwa siku hiyo ni ya familia. Wakenya wenzake wakiwemo. Huyo ndiye wa kunifundisha mimi mila? Nikamwambia sawa, tutafanya, na nitalia mpaka mjute. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi ndiye niliyeukanda.

Mratibu wa kamati alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Hannah, Mzungu wa miaka mingi Doha. Alituona tukifanya mazoezi, akapenda mbio, akapenda ngao tulizotengeneza kwa maboksi ya friji. Nilipoanza kulia akainua mkono. Akasema ni vizuri sana, lakini watu watakuja na watoto, kwa hiyo tuache kilio tubaki na mbio.

Nilimwambia tero buru bila kilio ni vijana wanaokimbia ovyo. Akanitazama kwa huruma ile ya mtu mwenye orodha mkononi. Tukakubaliana nilie dakika moja, bila kugaragara chini. Kwenye mazoezi nilikuwa namlilia Fulani bin Fulani wa Mahali Fulani. Nilidhani nimemzunguka nyanya yangu kwa akili.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe saba Februari, saa kumi jioni. Watu walijaa, watoto mabegani mwa baba zao. Vijana wetu walikimbia vizuri, Collins mbele na ngao yake ya boksi. Wakarudi jukwaani wanahema, nami nikapokea. Nilifungua kinywa niseme Fulani, nikasikia sauti yangu inasema Philipo. Philipo mwana wa Abonyo. Philipo Abonyo wa Uyoma, uliyetoka kwa miguu yako usirudi kwa miguu yako, nani alikufumba macho?

Sikuwa nimepanga. Uyoma sijawahi kufika, mimi ni wa Gem. Lakini maneno yalikuja yenyewe yakiwa yamepangika, na machozi yalikuwa machozi ya kweli, yananiingia mdomoni. Hannah alinyoosha kidole kwenye saa yake. Sikuweza kunyamaza. Nililia karibu dakika sita, na uwanja mzima ukatulia, hata watoto.

Halafu wakapiga makofi. Tukapigwa picha na familia moja baada ya nyingine, mzee mmoja wa kule akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniambia kwa Kiarabu Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kwanza wa nchi ile kunigusa mkono tangu nifike 2005. Nilijisikia vibaya kwa sababu nilikuwa nimemdanganya, hapakuwa na marehemu.

Jumapili nikarudi kazini. Nasimamia dobi ya hoteli moja The Pearl, mtaa wa matajiri, chini kabisa ya jengo, mashine kumi na nne na wasichana tisa. Nguo hushuka kwa toroli kutoka vyumbani: shuka, foronya, taulo, mavazi ya wapishi. Asubuhi hiyo Emily, msaidizi wangu, akaniita. Alikuwa ameshika ovaroli ya buluu, ya ujenzi, yenye mikanda ile inayong'aa, imejaa vumbi jeupe na chumvi ya jasho mgongoni. Hoteli yetu haikuwa na ujenzi wowote.

"Imetoka toroli gani?" nikauliza.

"Ilikuwa katikati ya shuka za ghorofa ya tisa, madam. Shika."

Nikaishika. Ilikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi na mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri. Kifuani palikuwa na jina limeshonwa kwa uzi mweupe: P. ABONYO. Chini yake namba, 2217.

Nilimpigia Collins simu pale pale, nikamtukana mpaka Emily akatoka nje. Collins aliapa kwa mama yake mzazi. Nikamwambia apunguze viapo, asije akamuua mama yake bure. Nikaifua ile ovaroli, nikaikausha, nikaiweka kwenye rafu ya vitu visivyo na mwenyewe, na nikafunga kabati kwa ufunguo.

Jumatatu ilishuka tena na shuka za ghorofa ya tisa. Chafu, ina joto, jasho bichi kwapani. Nikafungua kabati, rafu ilikuwa tupu. Emily akasema anaumwa na tumbo akaenda nyumbani. Mimi nilibaki kwa sababu mkubwa wa dobi hana tumbo la kuuma. Nikaifua tena, na nikaificha chini ya magunia ya sabuni.

Jumanne jioni akanipigia mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kwa jina la Nahashon, fundi wa kompyuta, ambaye kwa kujitolea huwasaidia Wakenya waliofiwa kushughulikia karatasi. Alikuwa ameona video yetu kwenye simu ya mtu.

"Dada, samahani kukusumbua. Huyu Philipo Abonyo, ni nani wako?"

"Si mtu. Ni jina nimebuni."

"Tuonane, tafadhali."

Tulikutana usiku ule ule mtaa wa Najma, kwenye mgahawa mdogo wa chai ya karaki na chapati. Nahashon ni Mkikuyu mwembamba anayeongea polepole kama anayesoma. Akafungua bahasha akanionyesha nakala ya pasipoti. Philipo Abonyo, amezaliwa Uyoma, miaka arobaini na moja. Uso wa kawaida, masikio makubwa kidogo. Alikutwa amekufa kitandani mwezi wa Septemba, kwenye bweni la wafanyakazi, joto lilikuwa kali na moyo ulisimama. Kampuni yake ilikuwa ndogo, ilishafungwa, na kafili wake, mdhamini wa kibali chake, hapatikani. Mwili ulikuwa hospitalini kwa miezi mitano kwa sababu hakuna ndugu aliyejitokeza. Namba moja ya nyumbani ilikuwa kwenye karatasi zake, na Nahashon alikuwa ameipiga zaidi ya mara arobaini, haipokelewi.

"Jina hili," akasema, "Doha nzima tunalijua watu watatu. Mimi na makarani wawili."

Nikamuuliza kama karatasi zake zina namba ya kazi. Akapekua, akasema ndiyo, 2217.

Nilimweleza habari ya ovaroli. Hakucheka. Alikunja bahasha yake vizuri, kisha akasema jambo lililomleta. Hospitali ilikuwa imetoa siku hadi Jumapili. Ndugu akijitokeza kutia sahihi, Philipo angezikwa kwa jina lake na watu wake wakiwepo, au apelekwe kwao. Asipojitokeza, atazikwa na serikali kwa namba, peke yake, na hakuna atakayejua kaburi ni lipi.

"Unataka nidanganye kuwa ni ndugu yangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa macho. Mimi niko hapa kwa kibali, baba. Karatasi moja ya uongo, kesho niko kwenye ndege na alama kwenye pasipoti. Mtoto wangu yuko kidato cha tatu. Huyo mtu simjui, sikumzaa, sikumlisha."

"Lakini umemlilia," Nahashon akasema.

Nilisimama nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira naye, na Collins, na Hannah na orodha yake, na zaidi nilikuwa naogopa. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, na miaka tisa baadaye bado niliitwa mgeni. Wanatuita jukwaani tuwaonyeshe tunavyozika, na wenzetu wamekaa kwenye barafu hawana wa kuwazika. Niliyasema haya kwa sauti barabarani, watu wakanipisha njia.

Jumatano ovaroli ilishuka mara ya tatu. Safari hii mikono yake ilikuwa imegeuka nje-ndani, namna mtu anavyovua akiwa amechoka sana hata hawezi kuirekebisha. Wasichana wote walikuwa wamerudi nyuma hadi ukutani. Nikaichukua, nikairekebisha mkono mmoja, nikarekebisha wa pili. Ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Nikasema kwa Kijaluo, polepole, "Philipo, unataka nini kwangu?" Mashine ziliendelea kuzunguka. Lakini kile kitambaa kilianza kupoa mikononi mwangu, na kilipopoa kabisa nikajua nitapiga ile namba ya nyumbani kwao.

Nahashon alinipa namba akaniambia nisijitie matumaini. Iliita mara moja, ikapokelewa.

"Nani?" sauti ya mwanamume.

Nikajitambulisha, nikasema napiga kutoka Doha, natafuta watu wa Philipo Abonyo. Akasema yeye ni Arnold, mdogo wake Philipo, na hiyo simu haijawahi kuita kutoka nje ya nchi, na huwa iko mfukoni mwake mchana na usiku.

Nikamweleza kuhusu mwili. Akavuta pumzi, lakini hakushangaa. Alisema habari za kifo ziliwafikia Desemba kupitia mwenzake aliyerudi, na hakuna ofisi iliyowajibu walipouliza. Wakangoja. Mambo mabaya yakaanza bomani, ng'ombe wakazaa wafu, mama akawa hasemi. Wazee wakaamua wamzike bila mwili. Wakachimba kaburi upande wa kulia wa nyumba yake isiyo na mke, wakalaza humo tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea linaloshika nafasi ya mtu, wakaliita Philipo na kulifukia. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa mtu aliyepotelea mbali.

"Kwa hiyo, dada, msimlete huku," Arnold akasema. "Kaburi likifungwa halifunguliwi mara mbili, linataka mwingine. Lakini naomba asitupwe. Naomba sana."

"Mlizika lini?"

"Ijumaa iliyopita. Saa kumi jioni."

Saa za Doha na za Kenya ni zile zile. Nilikaa chini sakafuni, jikoni kwangu, mgongo kwenye jokofu.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," akaendelea, na sauti yake ikabadilika. "Siku ile hakuna aliyeweza kulia. Mama alikuwa amekauka, wanawake wa boma walikuwa wanaogopa lile tunda. Tulikuwa tunamzika ndugu yangu kwa kimya kama mbwa. Kisha mwanamke akaanza kulia, nje ya ua, upande wa shamba. Alimtaja Philipo na baba yetu na Uyoma. Aliuliza nani alimfumba macho. Alilia mpaka na sisi tukaanza kulia. Tulipotoka kumwangalia hapakuwa na mtu, shamba limelimwa, hakuna hata pa kujificha. Mama akasema tusimtafute. Akasema huyo ni mke wa Philipo wa huko alikokuwa."

Niliibana simu sikioni.

"Hiyo sauti," Arnold akasema, "ndiyo naongea nayo sasa."

Nilikata simu nikaitupa kwenye sinki. Sikulala. Si kwa sababu ya mzimu peke yake; niseme ukweli. Nina miaka thelathini na tisa na sijawahi kuolewa. Baba wa mtoto wangu aliondoka kabla hajapeleka hata kuku wa mahari. Nilipokwenda likizo 2012, kaka zangu walikuwa wanapima ardhi ya boma, nikawauliza kwa utani, na mimi mtanilaza wapi? Kaka mkubwa akaonyesha nje ya ua, kando ya njia ya ng'ombe, kwa kuwa kwetu binti asiyeolewa hazikwi ndani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeonyesha choo kiko wapi.

Asubuhi nikatoa simu kwenye sinki, ilikuwa bado inafanya kazi. Nikampigia Arnold, nikamwambia aende kwa chifu. Alasiri barua ikanifikia kwa picha, ikiwa na muhuri: Velma Atito Odeny ni mke wa marehemu Philipo Abonyo kwa mila. Sahihi ya mama ilikuwa alama ya kidole gumba. Nahashon akaipitisha ubalozini, ikatafsiriwa, ikagongwa mihuri.

Jumapili tukaenda hospitalini. Karani alikuwa kijana mstaarabu, kanzu imenyooka. Alisoma barua, akaangalia kitambulisho changu, akarudi kwenye barua.

"Hapa kwetu imeandikwa hujaolewa," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Barua inasema umeolewa. Ipi ni ya kweli?"

Nahashon alinigusa kiwiko ili nifikiri. Nilimfikiria mwanangu, nikafikiria kazi yangu, na ile ndege. Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani, nimekosea, na kurudi dobi. Philipo angepewa namba siku hiyo hiyo.

"Mliponisajili niliulizwa kama nina cheti," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza kama nina mtu. Huyo ni mume wangu. Nimekuja kumchukua."

Alinitazama kwa muda ambao hata leo sijui aliutumia kufikiri nini. Kisha akageuza fomu, akaweka kidole kwenye kisanduku, na mimi nikaandika: mke. Herufi zilitoka vizuri.

Tulimzika Jumanne asubuhi, kwenye makaburi ya wageni nje ya mji, mchanga na upepo tu. Walikuja wale kumi wa sebuleni kwangu wote, na Shamira na Waganda wake. Hannah pia alikuja, sijui nani alimwambia, akasimama nyuma na kitambaa kichwani. Hakuna aliyekimbia na ngao. Collins aliteremka kaburini kupokea sanduku, akatoka macho yake mekundu, akaniita shemeji, na hakuwa anatania. Nililia kwa muda wa mke, na hakuna aliyetazama saa.

Jioni nikampigia mkwe wangu. Ndivyo ninavyopaswa kumwita. Arnold akampa simu, nikasikia pumzi ya mama mzee, halafu sauti nyembamba.

"Umemlaza vizuri?"

"Nimemlaza vizuri, mama."

"Kichwa umekielekeza wapi?"

"Nyumbani."

"Asante, mke wa mwanangu. Sasa na wewe una kwenu." Akakohoa, akapumzika. "Philipo tumemweka kulia kwa nyumba. Upande wa kushoto ni wako. Leo asubuhi nimewaambia watoto waondoe majani, na wamepima urefu. Arnold aliwaambia sauti yako ni ya mtu mrefu."

Nikamwambia mimi bado ni mzima, mama, bado nina nguvu, nina mtoto wa kusomesha.

"Najua," akasema kwa upole mwingi. "Hata yeye anajua. Anasema atangoja, ila usichelewe sana."

Alikata simu. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kioo kikazimika, nikilia peke yangu jikoni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, na nilifurahi pia, Mungu anisamehe, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kuniwekea mahali.